Maji ya mgonjwa wa dayalisisi: tuamini mizani au mashine?

Mizani haitofautishi maji na nyama. Hapo ndipo utata wa uzito mkavu unapoanzia, yaani uzito anaotakiwa kubaki nao mgonjwa akimaliza dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine figo zikishindwa). Mgonjwa wa kilo 60 akiugua nimonia akapoteza kilo 2 za misuli, nasi tukaendelea kumwachia kwenye 60 ile ile, anarudi nyumbani na lita 2 za ziada. Miguu inaweza isivimbe hata kidogo.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, bayoimpidansi, yaani mashine inayopima maji ya mwili kwa umeme, ina faida. Analala chali dakika chache kabla ya kuunganishwa, elektrodi mbili zinabandikwa mkononi na mbili mguuni, upande mmoja, kisha mkondo hafifu wa umeme unapitishwa. Umeme wa masafa (frikwensi) ya chini hupita nje ya seli, ya juu hupenya hadi ndani. Tofauti hiyo hukokotolewa kuwa lita.

Lakini elektrodi zikikaribiana mno, au ngozi ikiwa na losheni, namba inapotoka. Maji ya tumboni nayo hujificha: kiwiliwili ni kipana, kinauzuia umeme kidogo tu, hivyo sehemu kubwa ya kipimo hutoka mkononi na mguuni. Aliyekatwa mguu ni shida nyingine.

Wenye mashaka wana ushahidi pia. Utafiti wa BISTRO wa Uingereza haukuonyesha kwamba kuongeza bayoimpidansi kunalinda mkojo ambao figo bado zinautoa kuliko uchunguzi wa kawaida. Ila uchunguzi huo "wa kawaida" ulifuata utaratibu maalumu wa kukagua maji, jambo ambalo si kila kitengo hulifanya. Kwangu mimi, mashine ni shahidi wa kuitwa pale mizani, presha na pumzi ya mgonjwa vinapopingana. Haitoi amri.

Maana hata namba ikiwa sahihi, maji hayatolewi kwa pupa. Kikomo kinachotumika sana ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa kilo 60 na saa 4, ni kama lita 3.1. Mgonjwa aliyekuja na lita 3 juu ya uzito wake, bayoimpidansi ikaonyesha nyingine 2 zilizojificha, hawezi kutolewa 5 siku hiyo. Shusha lengo la uzito nusu kilo kwa awamu, au ongeza muda. Ukilazimisha, presha inaporomoka, misuli inakaza, na muuguzi analazimika kumrudishia kwa dripu maji yale yale aliyotoka kuyatoa.