Kenchi haishikwi na misumari miwili

Kwenye nyumba za chini zinazojengwa sasa Tanga, watu hawabanii msingi. Ubahili unaanza juu. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba bati, inakalishwa ukutani, inapigwa misumari miwili ya inchi nne, basi. Maoni yangu ni haya: halmashauri isitoe kibali cha ujenzi kwa mchoro usioonyesha kenchi imefungwaje kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta.

Wengi hudhani upepo hulisukuma paa. Hasa hulinyanyua. Upepo wa kilomita 120 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 70 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona na kingo za paa huvuta zaidi ya hapo. Bati la geji 28 halifiki kilo 5 kwa mita hiyohiyo. Msumari nao huchomoka ulikoingilia, hasa ukipigwa kwenye mbao mbichi ambayo baadaye imekauka na kuulegeza.

Kwa hiyo lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika: nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vilivyokunjwa kuzizunguka nondo hizo) za milimita 8 kila sentimita 20. Kabla ya kumwaga zege, pitisha chini ya nondo za chini vipande vya nondo ya milimita 8, ncha zake zichomoze juu kila mahali kenchi itakapokaa. Kenchi ikipanda, ncha hizo zikunjwe juu ya mbao zikaze. Hapa ndipo mafundi husahau, na zege likishaganda marekebisho ni kutoboa na kubahatisha. Lenta yenyewe ifungwe kwa nguzo za zege za kona hadi msingini, la sivyo paa litaondoka nayo.

Paa la baraza lijitegemee. Upepo huingia chini yake, likifumuka lisivute paa kubwa.

Wapo wanaosema vimbunga si vyetu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu.

Chumvi pia ni adui. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege, na nondo ifunikwe kwa sentimita 4. Kutu huvimba, zege hupasuka, na kifungo cha kenchi hukatika bila mwenye nyumba kujua. Ndiyo maana mkaguzi aje siku nondo za lenta zimesukwa, kabla zege halijamwagwa. Akija baadaye atakagua plasta tu.