Tarakimu sita zisiamue nani abaki kazini

Wahitimu wawili wa uchumi nchini Marekani, wote wa viza ya wanafunzi ya F-1, wanaweza kuwa wamekaa darasa moja na sasa wanafanya kazi ofisi moja. Kwenye I-20 ya mmoja, hati ya chuo inayoonyesha masomo yake, msimbo wa kozi ni 45.0603, uchumi wa kihesabu. Ya mwenzake ni 45.0601, uchumi wa jumla. Miezi 12 ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako baada ya masomo, ikiisha, wa kwanza anaruhusiwa kuomba 24 zaidi, kwa kuwa msimbo wake uko kwenye orodha ya serikali ya fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu (STEM). Wa pili, ambaye msimbo wake haumo, asipopata hadhi nyingine, ana siku 60 za kufunga virago.

Huo ni uonevu. Fomu I-983, mpango wa mafunzo unaotakiwa kwa nyongeza hiyo, tayari inambana mwajiri: aeleze mhitimu atajifunza nini, nani atamsimamia, atalipwa kiasi gani, na athibitishe kwamba hakuna mfanyakazi Mmarekani anayeondolewa ili kumpisha. Masharti hayo ndiyo yanayomlinda mwenyeji, wala si msimbo. Kama yanatosha kwa mhandisi, yanamtosha mhasibu na mwalimu pia. Na muda wenyewe haukushuka na mvua: mwaka 2008 nyongeza ilikuwa miezi 17, Mei 2016 ikawa 24, yote kwa kanuni za serikali. Kanuni nyingine inaweza kuifungua kwa fani zote.

Hadi hapo, anayestahili asiikose kwa sababu ya kalenda. Tuseme kadi ya kibali cha kazi inaisha Juni 30. Dirisha la kuomba linafunguka siku 90 kabla, yaani Aprili 1. Afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni akiingiza pendekezo lake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, Aprili 5, fomu I-765 ya kuomba kibali cha kazi iwe imefika USCIS, idara ya uhamiaji, ndani ya siku 60: mwisho ni Juni 4. Ikifika Juni 10 inakataliwa, japo kadi bado ina siku 20 za uhai. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa kuhesabu tarehe ya kadi peke yake. Wengine wanakumbuka kwamba OPT ya kwanza iliombwa hata baada ya masomo kuisha, wakadhani na hii ni hivyo. Sivyo. Kadi ikishaisha, mlango umefungwa.

Kwa hiyo anza na mwajiri, miezi minne kabla. Muulize kwanza kama amejiandikisha E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki haki ya mtu kufanya kazi. Kampuni ndogo nyingi hazijajiandikisha, na bila hiyo I-983 ni karatasi tu. Kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki kwa kila mwajiri. Aliyejiajiri hawezi kujisainia mwenyewe kama mwajiri.

Ukiwasilisha kwa wakati, kadi ikaisha kabla ya jibu, unaendelea kufanya kazi hadi siku 180. Kuna maofisa rasilimali watu wasiolijua hilo, wakamsimamisha mtu kazi bure. Wapelekee kadi ya zamani, I-20 mpya yenye pendekezo la afisa, na risiti ya maombi.

Nyongeza ikishatoka, siku za kukaa bila kazi zisizidi 150, zikijumlishwa na zile za OPT ya kwanza. Ukihama nyumba au kubadili mwajiri, toa taarifa chuoni ndani ya siku 10, na kwa mwajiri mpya inahitajika I-983 mpya.