Nimegaagaa na Upwa, Nimekula Mkavu

Jamani, mimi nimezaliwa Wanseko, pale Nile inapoingia Ziwa Albert, na tangu nipate akili samaki najua mambo yake matatu tu: unamvua, unamla, au unamuuza. Sikujua kuna la nne.

Ilianza kwa simu. Mratibu wa kipindi, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, akaniambia kuna wazungu wanakuja kutengeneza kipindi cha televisheni, safari humo humo na uvuvi humo humo, na wanatafuta mtu wa mashua anayeyajua maji ya chini ya maporomoko ya Murchison.

"Watavua kwa nzi, kaka," akasema. "Na wewe utapata posho kila siku."

Nikamwambia mama watoto. Alicheka mpaka akaweka chini ungo wa muziri, wale dagaa wetu wa Ziwa Albert. Mtu apande ndege kutoka Ulaya kuleta nzi Wanseko? Si aje hapo mwaloni saa saba mchana, mizani yenyewe haisomeki kwa nzi! Lakini habari ya posho aliipokea kwa heshima zote, maana kwetu Uganda posho ni ugali, na nyumbani tuna vinywa sita. Hatukujua kwamba kwa Mtanzania posho ni pesa ya kujikimu. Mimi nilikwenda kazini na gunia.

Basi, nzi wenyewe si nzi. Ni manyoya na nyuzi na vitu vya kumetameta vilivyofungwa kwenye ndoano, na wale wa sangara ni wakubwa kama kiganja changu. Mtangazaji alinifungulia kisanduku kama sonara. Huyu, akasema, anaiga samaki mdogo. Sasa kama anaiga samaki mdogo, kwa nini aitwe nzi? Mratibu akanitafsiria jibu refu sana ambalo halikuwa jibu. Kuna na kipande cha waya kabla ya ndoano, kwa ajili ya samaki tunayemwita ngasia, kwa sababu meno ya yule hayaheshimu uzi. Hapo tuliafikiana.

Chambo hakuna. Na ndoano ni nyepesi mno kurushwa, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio umetengenezwa mzito, na mtu anaurusha nyuma na mbele, nyuma na mbele, kama anayefukuza nyuki. Nisiwe mwongo, yule jamaa anajua. Mshipi ulikuwa unajikunjua hewani taratibu mpaka kiboko mmoja akatoa macho majini kutazama. Ila ole wako usimame nyuma yake. Kofia yangu ilinaswa mara mbili, sikio mara moja. Bahati, wanauminya ule mwiba wa nyuma ya ncha ili samaki asiumie, kwa hiyo sikio langu lilitoka salama kama samaki. Na hapo ndipo kamera ilikuwa inawaka.

Mpiga picha naye alikuja na shati la buluu. Nikamwambia kwa adabu: mzee, mbung'o hupenda buluu na nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Akasema hilo ndilo shati lake la kazi. Kufika saa tano anajipiga makofi mgongoni, kamera inatetemeka, dairekta anauliza mbona Nile inayumba. Siku hiyo tulivua kwa nzi kweli, ila samaki tulikuwa sisi.

Halafu kufika. Kipindi cha safari ni kufika, na sisi tulifika mara tisa. Unafika, wanasema jua lilikuwa vibaya. Unarudi nyuma, unafika tena, mamba kaingia majini kabla ya wakati wake. Mto wote ule wa Nile unajibana kwenye ufa wa kama mita 7 na kuanguka mita 43, unanguruma tangu dunia iumbwe, na mtu wa sauti akaniuliza huwa unapumzika saa ngapi. Mimi nikaambiwa nishangae. Nishangae nini, hapa nimekuja tangu nikiwa mtoto! Nikashangaa. Kidogo, wakasema, ongeza. Nikaongeza. Sasa umezidisha, wakasema, unaonekana kama unaumwa jino.

Mtangazaji alitaka pia asimulie habari za Hemingway. Mwaka 1954 ndege ya huyo mwandishi ilianguka karibu na maporomoko haya haya. Mashua ikamwokota, ikampeleka Butiaba, akapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikiruka. Magazeti yakamzika na yeye mwenyewe akayasoma. Hadithi nzuri, sikatai, lakini jamani, hii ndiyo ya kuwavutia watalii? Karibuni Uganda, ndege zetu mbili mbili?

Kilichoniuma zaidi ni habari ya rekodi. Akasema mbele ya kamera kwamba sangara anayeshikilia rekodi rasmi ya dunia ya kuvuliwa kwa ndoano ni wa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, kilo 104. Misri! Maji yanapita kwetu kwanza! Hata wale sangara wa Ziwa Victoria ni wa huku chini ya maporomoko. Wenyewe wasingeweza kupanda, watu ndio waliwachukua wakawapeleka kule miaka ya 1950, na leo Victoria ndiyo yenye viwanda vya minofu. Sisi tumebaki na muziri na mto wa kupigia picha. Nililisema hilo, tena kwa uchungu, na mratibu akatafsiri kwa maneno mawili. Najua kuhesabu, yalikuwa mawili.

Siku ya nne, jioni, kwenye povu chini ya miamba, mshipi ukakaza. Fimbo ikapinda kama upinde. Mtangazaji anapiga kelele, mimi nazungusha mashua, mamba wawili wamesogea kuona zamu ni ya nani. Baada ya muda tukamtoa: sangara, macho kama taa, na kwa mizani ya macho yangu kilo 30 na chenji. Nikaanza kupiga hesabu. Kichwa supu, minofu sokoni, ada ya mtoto wa tatu, na kibofu kina wanunuzi wake. Mtangazaji akamnyoosha mbele ya kamera ili aonekane mkubwa zaidi, akanipa nami nimshike, wakasema nicheke. Hiyo hawakuhitaji kuniambia mara mbili. Kisha akambusu.

Kisha akamrudisha majini.

Na si kumtupa tu. Mimi ndiye niliyeambiwa nimshike mkia, kwa mikono hii, nimshikilie majini mpaka apate pumzi. Nikamuuguza ada ya mtoto. Alipopona akanimwagia maji ya uso, huyoo. Dairekta akauliza kama anaweza kurudi mara moja, kivuli kilikuwa kimemwangukia.

Usiku mpishi wao akapakua wali. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wazee. Nilitazama sahani yangu, nikatazama mto. Mkavu.

Siku ya sita nikapewa bahasha, tukaagana, nikarudi nyumbani na gunia tupu. Mama watoto akauliza samaki wako wapi. Sasa ningemwelezaje mtu aliyelea watoto sita kwa samaki kwamba tulimpata, tukambusu, tukamwambia nenda? Nikasema hatukupata kitu, mto ulikuwa mbaya. Alinionea huruma. Alinipikia muziri na nyanya, akawakataza watoto wasinisumbue.

Juzi shemeji kaja na simu yake. Kipande cha kipindi, nusu dakika. Nami nimo, jino nje, nimemkumbatia sangara kama mtoto wa kwanza.

Mama watoto akatazama mpaka mwisho, kimya. Akairudisha nyuma.

"Huyu nani?"

"Sangara."

"Sangara namjua. Nauliza huyu anayecheka."

Sikujibu. Akairudisha tena, ikafika pale mkia unapozama, na shemeji, ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akasogeza uso kwenye kioo.

"Dada, hebu ona," akasema. "Kumbe anampungia na mkono."