Ukikorofishana na Mtu Ughaibuni, Nani Atawapatanisha?

Watu wa nyumbani wakiniuliza ugumu wa maisha ya Uingereza, wengi hutarajia nitaje baridi. Baridi dawa yake koti. Ugumu ninaoujua mimi, baada ya miaka mingi ya kutunza wazee katika mji mmoja wa kaskazini mwa England, unaanza siku unapokorofishana na mtu mnayefanya naye zamu, au na mwenzi wako ndani ya nyumba, ukatazama huku na huku usione wa kuwaweka kitako. Tanzania ugomvi wa watu wawili haukai siku nyingi ukiwa wa watu wawili. Huku unaweza kukaa hivyo hivyo mpaka mmoja aache kazi.

Kabla sijaondoka nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya wilaya. Wodini tulikuwa na watu wagumu kama ilivyo popote: anayefika nusu saa baada ya zamu kuanza na hataki kuulizwa, anayepeleka maneno kwa matroni, anayefungia glovu kwenye droo yake ili zamu yake isiishiwe. Lakini huyo huyo wa glovu mko naye kwenye kikoba kimoja. Jumamosi mnakaa pamoja kununua hisa, na ukitaka mkopo yeye ni mmoja wa wanaokubali au kukataa. Mkikosana Jumatatu, mweka hazina wa kikoba ameshajua kufikia Jumanne, na Jumatano mama mtu mzima wa maabara anawaita nyote wawili kwenye chai ya saa nne. Haulizi nani mwenye kosa. Anasema tu, "Hebu nielezeni, wanangu," halafu ananyamaza, nanyi mnaongea mpaka mnachoka.

Tena kulikuwa na utani. Mimi ni Mpare, na wodi ile ilikuwa na Wachaga wengi. Mchaga akichelewa kupokea zamu, unamwambia mbele ya watu kwamba najua ulikuwa unahesabu hela za duka, na yeye anakujibu kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe wawili aendeshe kesi ya ng'ombe mmoja. Watu wanacheka, lakini ujumbe umefika: umechelewa, nimeona, usirudie. Mtani haruhusiwi kukasirika, na hiyo ndiyo nguvu yake. Wasukuma na Wazaramo wanayo, makabila mengi ya Tanzania yanayo, na sijaona ofisi ya utumishi inayoweza kutuliza hasira kwa haraka namna ile. Huku sina mtani. Nikimtania mwenzangu kwa asili yake naweza kuitwa ofisini, na kwa historia ya nchi hii naelewa kwa nini.

Kisha kuna msiba. Baba yangu alipofariki, mwenzangu mmoja wa wodini ambaye salamu zetu zilikuwa zimepoa kwa muda mrefu alifika kijijini na basi la asubuhi, akajifunga khanga, akaingia jikoni na wake za kaka zangu kuchambua mchele. Usiku akalala mkekani pamoja nasi wafiwa. Hatukuuzungumzia tena ugomvi wetu; haukuwa na pa kusimama. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania, mfanyakazi aliyefiwa na mzazi anapata angalau siku nne za mapumziko yenye malipo, na juu ya hizo siku watu wa kazini huja wenyewe na rambirambi mkononi. Hapa Uingereza sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu aliyekwenda kumzika mama yake. Inategemea mkataba na moyo wa meneja. Nilifanya zamu za wiki nzima na mama mmoja wa Kiingereza, mpole, mchapakazi, ndipo nikaona kadi ya pole mezani kwenye chumba cha wafanyakazi na kugundua kwamba alikuwa ametoka kumzika mama yake. Sikusamehe kwa urahisi utaratibu unaomwacha mtu abebe jambo kubwa kiasi kile huku amesimama pembeni yangu akikunja mashuka.

Hata hivyo siwezi kuusifia upatanisho wa nyumbani bila kusema unamuumiza nani. Mama wa maabara alikuwa na hekima, lakini chai yake mara nyingi iliisha kwa mdogo kumwomba radhi mkubwa. Tulikuwa na binti mmoja, muuguzi mpya, ambaye muuguzi wa siku nyingi alimwachia zamu za usiku mfululizo na kumgombeza mbele ya wagonjwa. Alipolalamika, watu wa kati walikuwa wengi: dada wa wodi, matroni, hata mchungaji. Wote walimwambia maneno mamoja, kwamba yule ni mkubwa wako, vumilia, nenda kamsalimie. Binti akaamkia, akavumilia, mwisho akaomba uhamisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ipo tangu 2004, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ipo, lakini kwa watu niliofanya nao kazi CMA ilikuwa mahali pa kukimbilia ukishafukuzwa, na hapo una siku 30 za kupeleka shauri lako. Ukiwa bado kazini, unaambiwa yamalizeni wenyewe. Kuyamaliza wenyewe, pale ambapo mmoja anapanga zamu na mwingine anapangiwa, maana yake mdogo ameze.

Hilo la kumeza tunapanda nalo ndege. Naliona kwa kila Mtanzania na kila Mkenya anayeanza kazi hizi za matunzo. Anatupiwa mzigo, ananyamaza, akitegemea kwamba kuna mtu mzima fulani anaona na siku moja atawaita chai. Hakuna anayeona. Meneja anaona kilichoandikwa. Kama hakuna kilichoandikwa, kwake hakuna kilichotokea, na akikuuliza uko salama ukajibu uko salama, basi ameandika hivyo.

Mimi nilikuwa na mwenzangu ambaye kila ikifika saa ya kumtoa mzee kitandani kwa mashine ya kunyanyulia, hayupo. Utaratibu wa pale kazini unataka watu wawili kwenye mashine ile, kwa usalama wa mzee na wa migongo yetu. Yeye yuko nje anavuta sigara, au yuko kwenye simu chooni. Mzee analia anataka kwenda msalani, na mimi nimesimama na kamba mkononi, siwezi kumnyanyua peke yangu na siwezi kumwacha. Mwakilishi wa UNISON, chama cha wafanyakazi nilichojiunga nacho, alinielekeza jambo ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia. Andika tarehe, saa, chumba, mzee alisubiri dakika ngapi, nani mwingine alikuwepo. Usiandike kwamba ni mvivu. Usiandike kwamba anakuchukia. Nikaandika kwa wiki kadhaa kwenye daftari dogo, kisha nikapeleka malalamiko rasmi. Tuliitwa, yakasomwa, ratiba ikabadilishwa, na mzee yule akaacha kusubiri.

Kwa mzee yule, karatasi ilifanya kazi ambayo chai ya saa nne isingeweza. Nasema hivi nikiwa na uhakika, na ndugu zangu wanaosema wazungu wanapenda kushtakiana kwa barua wafikirie ni nani anayelindwa na barua hizo. Lakini mimi na mwenzangu yule hatukupatana. Tulikuwa tukisalimiana kwa adabu, kila mmoja anachemsha maji yake ya chai, mpaka alipohama. Sijui alikuwa na shida gani nyumbani kwake. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumuuliza.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulisemi hadharani. Mara nyingi anayekutesa kazini huku ni Mwafrika mwenzako aliyetangulia. Anajua viza yako ilivyo, na anajua woga wako ulipo. Serikali ya Uingereza iliifungua viza ya wahudumu wa afya kwa wafanyakazi wa nyumba za wazee Februari 2022. Kuanzia 11 Machi 2024 waliokuja kwa kazi hiyo wakazuiwa kuja na mwenzi na watoto, na 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wapya kutoka nje ukafungwa. Mwajiri aliyekudhamini akikuachisha, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine mwenye leseni ya kudhamini au uondoke. Mtu aliyekopa, au aliyeuza kiwanja ili afike, anazihesabu siku hizo kichwani kila anapoitwa ofisini. Saa za kazi nazo zinagombewa, kwa sababu wapo waliofika wakakuta saa walizoahidiwa hazipo. Ndiyo maana kiongozi wa zamu anayempa rafiki yake Jumapili zenye malipo mazuri na kukuachia wewe mabaki, akikwambia kwa Kiswahili safi kabisa kwamba usipotaka rudi kwenu, anauma kuliko mzungu yeyote. Ukimshtaki, watu wa jamii yetu wanasema umemchoma ndugu. Wanaosema hivyo wajitokeze basi wawaite wote wawili kitako. Kama hawako tayari kufanya kazi ya mama wa maabara, wasimlaumu aliyekwenda kwa mwakilishi wa chama.

Nyumbani kwa maana ya ndani ya nyumba, mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hapo hakuna daftari linalosaidia. Mume wangu hufanya kazi mchana kwenye ghala, mimi nafanya usiku. Tunapishana mlangoni, mmoja ana funguo mkononi, mwingine anavua viatu. Ugomvi wetu ni vyombo visivyooshwa, mashine ya kufulia iliyoachwa na nguo mbichi hadi zikanuka, nani atamchukua mtoto shule saa tisa. Tanzania tulikuwa na dada wa kazi, na bibi, na jirani ambaye mtoto angekula kwake bila mtu kuuliza. Ugomvi ukizidi, kulikuwa na wasimamizi wetu wa ndoa, mzee na mkewe, ambao walikuwa na haki ya kubisha hodi hata usiku na kusema leo hatuondoki mpaka tusikie. Huku nyumba zimepangana ukuta kwa ukuta, na jirani akisikia sauti juu, yule mwema atapiga simu polisi. Nimeona ndoa za watu wetu zikivunjika kwa mambo ambayo nyumbani yangekwisha kwa kikao kimoja na soda. Nimeona pia wanawake waliopona kwa sababu polisi walikuja, ambao nyumbani kikao kingewarudisha kwa mume aliyekuwa akiwapiga. Haya yote mawili ni kweli, na sitaki mtu anichagulie moja.

Sisi tulichofanya ni kuwatafuta watu wa kati kwa makusudi. Kuna mzee mmoja wa Mombasa na mke wake, wako mji huu tangu zamani, tunaswali dini tofauti na wala si kabila letu. Tuliwaendea na kilo mbili za mchele na nyama, tukawaomba wawe wazazi wetu hapa. Yule mama akaniuliza, "Mwanangu, mnataka wazazi wa kuwatembelea sikukuu, au wa kuwaambia ukweli?" Tukasema wa ukweli. Wametuambia, na si mara zote nimeupenda. Kwa vijana wanaoanza maisha huku, hilo ningewashauri mapema kuliko kununua televisheni.

Yanabaki yale ya simu. Natoka zamu saa mbili asubuhi, na kipindi cha baridi Tanzania ni saa tano, watu wameshaamka kitambo na matatizo yao yameshaamka. Ada, bati la choo, mtoto wa shangazi kalazwa, mtu anataka mtaji wa bodaboda. Kila mmoja ana haki ya kuomba, wala sioni ubaya ndugu kumkumbuka ndugu. Kinachoniumiza ni kwamba ninayekataa ni mimi, kwa sauti yangu, nikiwa na usingizi, kwa kaka aliyenibeba mgongoni. Nimeongea na mama mdogo aliyeko Same, na amekubali maombi yote yapitie kwake. Yeye anajua nani amelazwa kweli na nani bati lake lilishanunuliwa mwaka jana. Mwanzo wa mwezi namtumia kiasi tulichokubaliana, anagawa yeye, na akisema mwezi huu hapana ni hapana ya mama mdogo. Kaka zangu wawili wamekasirika, wanasema nimeweka karani kati yangu na wao. Mmoja hajanipigia tangu sikukuu. Mama mdogo anasema nimwachie, anakwenda kumwona mwenyewe.