Maji ya digrii 38

Kabla sijaanza niseme tu kosa lilikuwa langu, maana Papa, mwenzangu wa kazini, naye yumo humu mitandaoni na akiona nimeanza kuzungusha maneno atakuja kuniumbua.

Ilikuwa Aprili, nina miezi saba tu Marekani, naishi kwa dada yangu Albany, jimbo la New York, kazi yangu kubeba maboksi kwenye ghala moja ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ndo Hudson. Kila asubuhi nauvuka na basi, mpana, umetulia, halafu cha ajabu unajaa na kupwa kama bahari, kweli kabisa, maji ya bahari yanausukuma mpaka Troy, juu kidogo ya hapa, na bahari yenyewe iko mbali kuliko Dar na Morogoro. Sasa mi mtoto wa Tanga, nikiona maji yanapwa najiona niko Raskazone. Nikauzoea ule mto. Nikaudharau.

Kazini kuna jamaa alikuwa na tiketi mbili za kushuka mto kwa boti la mpira, huko juu milimani unakoanzia, mgongo ukamuuma akaamua kuziuza nusu bei. Mi nilishaona video za wazungu wanafanya hivyo Jinja kwenye Nile, wako na bukta na miwani ya jua, wanacheka. Nikanunua zote mbili. Ila nikasema ngoja niwe mtu mzima, nikapiga simu kwa wenye maboti nikauliza maji yakoje. Binti akajibu kwa sauti nzuri tu, "leo maji ni thelathini na nane."

Hapa lazima nijitetee kidogo. Simu yangu niliiweka Selsiasi tangu wiki ya kwanza, maana nilipofika Septemba nikaona imeandika 85 nikajua imeharibika. Kwa hiyo mi digrii ninazozijua ni zile za nyumbani, na 38 ni mtoto mwenye homa. Maji ya 38 ni maji ya kuogea bwana harusi.

Nikamfuata Papa. Papa ni Mkongo wa Uvira, mtu mzima, amekulia pembeni ya ziwa Tanganyika, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, kaja Marekani miezi mitatu kabla yangu, sote pale ghalani tunamwita Papa kwa heshima. Nikamwambia kuna safari ya mtoni, maji ya moto, nadhani kuna chemchemi. Akafikiri. "Kama ni maji ya moto miye ninaenda, mugongo inaniuma sana."

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nakuta kasimama nje na taulo begani. Kwenye mfuko wa rambo ana kipande cha sabuni.

Tukapanda kaskazini na gari la dada. Albany theluji ilishaisha, yalibaki yale marundo meusi ya kwenye maegesho. Tunafika Warrensburg iko chini ya miti. Tunafika North Creek iko juu ya mapaa. Papa kanyamaza anaangalia dirishani. Nikamwambia huku ni milimani Papa, ndo maana wamepasha maji.

Tukapewa fomu, ambayo ukiisoma yote inasema ukifa ni shauri yako, tukasaini. Tukapewa nguo za mpira, zile nyeusi zinazobana mwili mzima. Mi nikavaa yangu zipu ikiwa mbele, kama jaketi, ndo akili inavyokutuma si ndiyo? Kumbe zipu inakaa mgongoni. Zile pedi za magoti zikawa nyuma ya magoti, kola inanikaba, natembea kama kuku aliyefungwa miguu anapelekwa sokoni. Papa aliivaa sawasawa na wala hakuniambia kitu, anasema alidhani ya Watanzania ndo iko hivyo.

Kwenye basi ndo tukakutana na gaidi wetu. Gaidi wa watalii namaanisha, ingawa baadaye niliona hata lile jina letu limemkaa vizuri tu. Kijana mchangamfu, ndevu, anaongea bila kupumua. Akatusimulia North Creek hapo ndipo Theodore Roosevelt alipoambiwa kuwa rais McKinley kafariki, Septemba 1901, alikuwa milimani akashuka usiku kucha na gari la farasi kufika stesheni, akajikuta yeye ndo rais. Papa akaniuliza, huyo mutu alishuka kwa barabara? Nikamwambia eeh, barabara. "Mutu wa akili."

Halafu gaidi akasema, akiwa anatabasamu, leo maji ni 38, yaani digrii sita tu juu ya barafu.

Basi zima wakacheka. Mi nikawa napiga hesabu. Sita juu ya barafu. Barafu kwao, kwa zile Farenihaiti zao, ni 32. Kwa hiyo kwa zile digrii zangu ni kama... tatu. Papa aligeuka taratibu sana, yaani kichwa tu kiligeuka, akaniangalia mpaka basi likapita kona mbili. "Mudogo wangu. Barafu inatokea fasi gani mu ile maji ya moto?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo.

Ukiniuliza kwa nini hatukurudi, tungerudi vipi, basi linashusha linaondoka. Na kumbe hawa watu hawajakosea msimu, Aprili ndo wanaisubiri mwaka mzima, theluji ya milimani inayeyuka, mito inajaa kama sisi wakati wa masika, halafu wanafungulia na bwawa la Lake Abanakee maji yazidi. Yaani unapigwa na barafu iliyoyeyuka asubuhi ileile. Unaanza na Indian River kama kilomita tano, kisha unamwagwa Hudson kwenye korongo, jumla kama kilomita 27, na humo korongoni hakuna barabara wala bodaboda. Ukishaingia umeingia. Kingo zote zimekaa mabamba ya barafu mazito kama meza za nyama.

Wimbi la kwanza lilinipiga kifuani na maji yakaingia ndani ya nguo. Nikapiga kelele yangu imetoboka, jamani imetoboka, nirudisheni. Gaidi anacheka, ananiambia haijatoboka, maji lazima yaingie kidogo halafu mwili wako unayapasha. Sasa nani alimwambia mwili wangu una moto wa kugawa?

Yeye kakaa nyuma anaongoza na kutoa amri, mbele, nyuma, acha. Mi na Papa tumewekwa mbele kabisa ati tuna nguvu. Kwenye Hudson boti likapanda wimbi likasimama wima, akapiga kelele "mbele!", nikapiga kasia kwa nguvu zangu zote, ila sikupiga maji, nilipiga hewa, mwili ukalifuata kasia.

Nilivyoingia, kifua kilifunga kama duka la Mpemba saa ya Ijumaa. Nilitaka kuita mama ikatoka "m" peke yake. Tulishafundishwa ukianguka ulale chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, tulia. Nikasahau yote, nikaanza kupiga mbizi za Raskazone kuelekea ukingoni, na gaidi anapayuka siyo huko, siyo huko, maana ule mkondo unapita chini ya barafu. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye, pale mi nilijua ananionea wivu naogelea vizuri.

Kamba ikatupwa, ikanigonga helmeti ikapita. Kasia la Papa ndo nikalidaka. Akanivuta mpaka ubavuni mwa boti, akanishika jaketi la kuelea mabega yote mawili, tukaangaliana uso kwa uso. Nikajua nimepona. Papa akanizamisha.

Wallahi alinizamisha! Akanikandamiza chini kichwa chote na mi nikasema basi, analipiza ile sabuni. Kumbe gaidi ndo kamwelekeza, mtu humvuti moja kwa moja, unamsukuma chini kwanza ili lile jaketi lenyewe limrushe juu. Nikarushwa kweli, nikamwangukia Papa tumboni kama changu aliyetupwa ndani ya ngalawa, nimefumbua mdomo sitoi sauti. Nilivyopata pumzi nikamuuliza ulikuwa lazima uzamishe mara mbili? Akasema gaidi alisema mara moja, ya pili ilikuwa ya kwake.

Zile saa tatu zilizobaki sizikumbuki vizuri. Kuna majabali yanaitwa Blue Ledges, marefu, yananing'inia barafu kama mishumaa, wenzetu wakawa wanasema ooh, aah, mi nilikuwa nahesabu vidole kama vimetimia. Walitupatia supu ya moto mahali fulani nikaimwagia mikononi badala ya kunywa.

Tuliporudi kulikuwa na bafu la maji ya moto. Papa akachukua rambo lake akaingia, nusu saa nzima watu wanapanga foleni, mvuke unatoka chini ya mlango, na harufu ya sabuni. Nikagonga. Akajibu kutoka ndani, "Mudogo, sasa hii njo thelathini na munane."

Wakati tunaondoka binti wa pale kaunta, nadhani ndo yuleyule wa simu, akatuambia turudi Agosti, mto unakuwa mpole na maji yanafika sabini. Nikafungua mdomo nimjibu, Papa akanishika mkono.

"Muulize kwanza. Sabini ya telefone yako ao ya yabo?"