Msimulizi Amenyamaza, Mchoraji Ameamua

Chukua sentensi ya kawaida ya kitabu cha darasa la pili: "Mtoto alipanda mwembe, akachuma embe, akampelekea bibi." Mpe mchoraji. Akiwa makini atakuuliza: wa kike au wa kiume? Sentensi haisemi. Kiambishi a- kinambeba yeyote, na Kiswahili hakioni haja ya kufafanua zaidi. Mchoraji asipouliza, mkono wake ndio utakaoamua, na mara nyingi anayepanda mwembe huvaa kaptula, anayesubiri chini na kikapu huvaa gauni. Mwandishi akihojiwa baadaye atasema, tena kwa haki, kwamba yeye hakumbagua mtu.

Ndiyo maana mjadala wa nani aonekane katika vitabu vya watoto na vijana, uliotufikia ukiwa na takwimu za Marekani na Uingereza, hauwezi kuvaliwa kama ulivyo. Kule ulianza na rangi. Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu na mwandishi wa Marekani, alichapisha matokeo ya kupitia vitabu 5,206 vya watoto vya Marekani: asilimia 6.7 tu ndivyo vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, iwe kwenye maneno au kwenye picha. Mwaka 1985 kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilianza kuhesabu waandishi na wachoraji weusi, kikapata vitabu vyao 18 kati ya takriban 2,500 vya mwaka ule. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa vitabu vya watoto wa Marekani, akatoa mfano unaonukuliwa hadi leo: kitabu ni kioo cha kujitazama, ni dirisha la kumwona mwenzio, na ni mlango wa kumfikia.

Kiswahili chenyewe kiliwahi kuwa kioo cha namna hiyo. Mwaka 1971 Muriel Feelings na Tom Feelings walitoa kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha vya watoto. Kilikuwa kioo kwa mtoto mweusi wa New York ambaye kwao hakuna aliyesema Kiswahili hata siku moja. Mtoto wa Tanga hakihitaji kwa kazi hiyo. Yeye moja, mbili, tatu alifundishwa na shangazi akipanga vitumbua kwenye sinia.

Kwetu hesabu ya rangi haifiki mbali, kwa kuwa wahusika wa vitabu vya Kiswahili karibu wote ni weusi. Tena uso ni kitu chepesi kubadilisha. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya kisa cha Alice cha Lewis Carroll. Picha zilifuata zile za John Tenniel, mchoraji wa toleo la Kiingereza, ila Elisi alichorwa msichana wa Kiafrika. Kisa kilikuwa kilekile. Vitabu vingi vya sasa vinafanya vivyo hivyo bila kukusudia: mtoto mweusi, nywele zimesukwa vizuri, anaamka katika chumba chake peke yake, anakunywa maziwa kwenye stuli ndefu ya jikoni, nje basi la njano linapiga honi. Watoto wa hivyo wapo, katika mitaa ya wenye nacho: Masaki ya Dar es Salaam na Karen ya Nairobi. Lakini wanaolala na wadogo zao watatu chini ya chandarua kimoja ni wengi zaidi, na hao hujitokeza tu pale hadithi inapohusu umaskini au malaria.

Wanaopinga mazungumzo haya wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Nzito kuliko zote, kwa Tanzania, ni ya kabila. Kwa miongo mingi vitabu vyetu vya shule vimekuwa na Juma na Asha wasio na kabila, wasio na mkoa, wenye baba mkulima na mama mkulima. Hilo halikutokea kwa bahati. Lilikuwa sehemu ya kujenga taifa ambalo mtoto wa Kagera na wa Mtwara wangesoma ukurasa mmoja na kila mmoja adhani ni kijijini kwao. Kazi hiyo ilifanikiwa kiasi kwamba hata leo Mtanzania akiulizwa kabila mbele ya watu husitasita. Leo mtu akisema "tuonyeshe utofauti", mhariri mwenye kumbukumbu anaogopa maonyesho ya mavazi: Mmasai na mkuki, Mpemba na jahazi, Mhadzabe na upinde, kila mmoja amesimama kama kwenye stempu ya posta. Hofu hiyo ni halali. Kitabu cha kurasa 24 chenye watu wanane wa makabila manane hakina hadithi, kina gwaride.

Kenya walikwenda njia nyingine kwa sababu jina pale husema kila kitu. Ukiandika Otieno au Wanjiku msomaji ameshajua, kwa hiyo wachapishaji huchanganya majina kwa mizani: huyu wa ziwani, huyu wa milimani, Mutua wa Ukambani, Halima wa pwani au wa kaskazini. Mizani hiyo hulinda amani, lakini mara nyingi huishia kwenye jina. Mpe Halima jina la Wanjiku uone kama kuna sentensi itakayoyumba. Isipoyumba hata moja, Halima hakuwemo.

Kuna kizuizi kingine ambacho wanaharakati huwa hawakioni na walimu wa darasa la kwanza wanakijua fika. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) uliotolewa Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulijengwa juu ya sauti za herufi na silabi. Mtoto huanza na ma, ba, ka. Silabi zenye konsonanti mbili au tatu huja baadaye. Kitabu cha hatua ya mwanzo chenye maneno sita kwa ukurasa kitawapenda Juma, Sara na Kito. Khadija, Fadhili na Ghalibu watasubiri. Mwanahamisi na Ng'wandu watasubiri zaidi. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuwaondoe watu wa pwani na Wasukuma. Silabi ndizo zilizowaondoa. Mwalimu ana haki ya kudai wepesi. Ila wepesi upo pande zote ukitafutwa: Saumu na Masele hayamshindi anayejua kusoma Baraka. Majina kama Zawadi, Amani na Furaha nayo yana faida na hasara yake. Hayafungamani na jinsia, kwa hiyo yanampa mhariri uhuru. Lakini yanamrudishia mchoraji ule uamuzi wa kaptula.

Penye makosa mengi zaidi ni kwenye ulemavu. Sehemu ya tatizo ni lugha. Maneno ya zamani, kipofu, kiziwi, kiwete, yote yana ki- mwanzoni, na wengi hulisikia kama ki- ya kudunisha ingawa upatanisho wake ni wa mtu: kiziwi amekuja. Wahariri hukimbilia "mtoto mwenye ulemavu wa kusikia". Ni lugha ya heshima, na ndiyo ya kisheria tangu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Lakini viziwi wenyewe wana chama kinachoitwa Chama cha Viziwi Tanzania, hawakuliona neno hilo kuwa tusi, wakati wasioona chama chao kinajiita cha wasioona. "Zeruzeru" ndilo la kuachwa bila mjadala. Limebeba damu ya miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya adabu: unauliza kundi husika linajiitaje.

Halafu kuna urefu. Maneno "mtoto mwenye ulemavu wa viungo" yanachukua mstari mzima wa kitabu cha darasa la pili. Dawa yake ni kutotaja kabisa: "Zawadi alisukuma magurudumu yake hadi mlangoni. Kizingiti kilikuwa kirefu." Msomaji ameelewa, na tatizo sasa ni kizingiti.

Michoro nayo ina mitego yake. Kiti cha magurudumu cha hospitalini, chenye magurudumu madogo mbele na vishikio nyuma, hakimfikishi mtoto popote kwenye mchanga wa kijijini. Kule utakuta baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Fimbo nyeupe hufika karibu na kifua na ncha yake hugusa ardhi mbele, haiegemewi kama mkongojo. Mikono ya mtoto kiziwi isichorwe hovyo: mkono ulioinuliwa tu si ishara, na asomaye ishara atacheka. Mtoto mwenye ualbino ana nywele za rangi ya majani makavu, si nyeupe pe. Avae kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu, darasani akae mbele, kwa sababu uoni hafifu ni sehemu ya hali yake. Akichorwa na kofia ya kapelo nyuma ya darasa, picha imetoa ushauri mbaya.

Mtego mkubwa zaidi uko kiwandani, na hauzungumzwi. Kitabu cha bei nafuu huchapwa kwa rangi moja, na mchoro wa mistari usiotiwa kivuli humwacha kila mtu na rangi ya karatasi. Wote weupe. Ukimweka humo mtoto mwenye ualbino haonekani kabisa. Lazima ngozi ya wengine itiwe mistari ya kivuli au kijivu cha asilimia 30 hadi 40, macho na midomo vikibaki wazi. Kwenye rangi kamili kosa hugeuka: ngozi nyeusi ikijengwa kwa wino mwingi juu ya karatasi isiyong'aa, wino husambaa na uso unakuwa doa lisilo na pua. Punguza wino mweusi kwenye ngozi, jenga weusi kwa nyekundu na njano zaidi, jumla ya wino isizidi takriban asilimia 280, na udai sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile ya kazi. Sampuli ya kioo cha kompyuta ni uongo mtupu. Nimeona mchapishaji akilaumiwa kwa kuwafanya watoto wote "maji ya kunde" wakati kilichotokea ni kwamba alikimbia madoa.

Swali la nani ana haki ya kuandika lina joto zaidi huko nje. Mwaka 2015 Corinne Duyvis, mwandishi wa vitabu vya vijana, alianzisha alama ya mtandaoni ya kutambua vitabu ambavyo mwandishi anatoka kundi lilelile la mhusika wake. Mwaka 2021 shirika la Marekani la We Need Diverse Books, linalotetea utofauti katika vitabu vya watoto, likaacha kuitumia alama hiyo, kwa kuwa maana yake ilikuwa imelegea na ilikuwa ikiwaweka baadhi ya waandishi katika hali ngumu, pengine hata za hatari. Kwetu ukishikilia sharti hilo kwa ukali, vitabu kuhusu Wahadzabe vitakuwa sifuri kwa miaka mingi. Ukiliacha kabisa, utapata Mhadzabe aliyetoka kwenye kipeperushi cha utalii. Kilicho katikati kina gharama inayopangika: wasomaji watatu wa jamii husika, wanaolipwa, na wanaosoma mara mbili. Mara ya kwanza wasome maandishi matupu, mara ya pili michoro ya penseli. Wakiletewa michoro iliyokwisha kutiwa rangi wataheshimu jasho la mchoraji na kunyamaza, au watasema na mchapishaji atakataa kulipa upya.

Mhariri naye ana kazi yake kabla ya hapo, ya saa mbili tu. Aorodheshe kila mhusika. Mbele ya kila jina aandike vitenzi vyake, kisha ahesabu sentensi anazotamka mwenyewe. Hapo hujitokeza yale ambayo hesabu ya nyuso huyaficha: msichana yupo kwenye kurasa 20 kati ya 24 lakini vitenzi vyake ni alitazama, alifurahi, alishangaa. Mtoto wa kiti cha magurudumu yupo, lakini kila kitenzi chake ni cha kutendewa: alisukumwa, alisaidiwa, alipewa. Kisha aandike maelezo ya mchoro kwa kila a- isiyo na mwenyewe: nani, umri, amevaa nini, anafanya nini kwa mikono.

Wengine husema turudi kwa Sungura na Fisi, mambo yaishe. Wanyama hawana kabila. Marekani mwaka 2018 vitabu vyenye wanyama na vitu vingine kama wahusika wakuu vilikuwa asilimia 27, na vya watu wasio Wazungu, makundi yote pamoja, 23, kwa hesabu za kituo kilekile cha Madison. Mkimbilio huo si wetu peke yetu. Nami nawapenda Sungura na Fisi. Lakini Fisi wa vitabuni ni Bwana Fisi, na mwenye aproni ni Mama Kuku.

Mtandaoni tatizo limezunguka upande wa pili. African Storybook, ya taasisi ya Saide ya Johannesburg, huweka hadithi na picha kwa leseni huria: yeyote anaweza kutafsiri, kupunguza, kuchukua picha akaweka maneno yake. Kwa lugha ambazo hakuna mchapishaji angezigusa, hiyo ni neema. Gharama yake ni kwamba picha moja husafiri katika lugha nyingi, na mtoto wa Kigoma hukuta kwenye hadithi "yake" blanketi na kibanda vya kusini mwa Afrika. Na hadithi ya Kiswahili ikitafsiriwa kwenda Kiingereza, kila a- inadai jinsia. Mtafsiri asiyefungua picha ataandika wa kiume toka mwanzo hadi mwisho. Aliye makini hutazama ukurasa baada ya ukurasa, na pale mtoto alipofichwa na majani ya mwembe, hurudia jina.