Umeme wa Visiwa vya Lamu Upimwe kwa Barafu

Kila inapozungumzwa habari ya kufikisha umeme visiwani Lamu, hesabu inayotolewa ni ya nyumba: ngapi zimeunganishwa, ngapi zimepewa taa za sola, ngapi zimebaki. Sina ugomvi na hesabu hiyo, kwa kuwa mtoto anayesoma usiku bila kuvuta moshi wa kibatari ni faida ambayo mzazi yeyote wa Pate au Ndau anaijua thamani yake. Ninachosema ni kwamba kipimo hicho, kikiachwa peke yake, hakitufai. Watu wa visiwa hivi wanaishi kwa samaki, na samaki katika joto letu huanza kuharibika saa chache tu baada ya kutolewa majini. Kwa hiyo mradi wowote wa sola unaoletwa Kizingitini, Faza, Kiwayu au Kiunga unapaswa kuulizwa swali moja kabla ya mengine yote: je, utatengeneza barafu, au utawasha taa tu?

Nchi yetu haikukaa bure katika jambo hili. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na leo takriban Wakenya watatu kati ya kila wanne wana umeme. Sehemu kubwa ya umeme huo ni safi, unatokana na mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mito na upepo wa Turkana. Desemba 2018 ukatangazwa mpango wa taifa ulioahidi umeme kwa kila Mkenya ifikapo 2022. Mwaka huo ulikuja ukapita, na waliobaki gizani ni wale ambao nguzo na nyaya huwafikia kwa gharama kubwa kupita kiasi: wafugaji wa kaskazini, wakazi wa misitu ya Boni, na sisi ambao kati ya kijiji na kijiji tuna mkondo wa bahari na mikoko. Ndiyo sababu Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 150 mwaka 2017 kwa mradi wa sola wa maeneo yaliyo mbali na gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa taifa, kaunti 14 zilizochaguliwa zilijumuisha Lamu na jirani zetu wa Kilifi na Tana River.

Lakini neno "kupata umeme" lina ngazi zake, na Benki ya Dunia yenyewe imezipanga. Ngazi ya kwanza kabisa inatosheka na wati 3 tu za nguvu na saa nne za matumizi kwa siku, yaani taa na kuchaji simu. Ngazi ya tano inataka kilowati 2 na umeme wa saa 23. Kati ya hizo mbili kuna umbali mkubwa sana, ila katika ripoti nyingi nyumba ya ngazi ya kwanza na nyumba ya ngazi ya tano huandikwa kwa neno moja, kwamba zimefikiwa. Bara zima la Afrika lina karibu watu milioni 600 wasio na umeme, na Benki ya Dunia pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika zimejiwekea lengo la kuwafikia milioni 300 ifikapo 2030. Nina hofu kwamba katika haraka ya kutimiza idadi hiyo, sisi wa visiwani tutahesabiwa kwa wati 3 na faili litafungwa.

Ukubwa wa mtambo nao hauwi jibu. Langobaya, ndani ya Malindi, kuna shamba la paneli la megawati 52 lililoanza kazi mwishoni mwa 2021, na ni jambo la fahari kwa Pwani nzima. Hata hivyo umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na kinachoamua kama nyumba iliyo karibu na uzio wa shamba lile itapata mwanga ni transfoma na nyaya za volti ndogo, si wingi wa paneli.

Nirudi kwenye samaki, maana ndiko lilipo jambo lenyewe. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, mashua za Kizingitini hurudi na changu, tewa, kolekole na nguru, na pakiwa na bahati kamba mawe, ambao bei yao mjini ni kubwa. Pwani humsubiri mvuvi mtu mwenye kasha la barafu iliyoletwa kwa boti kutoka mbali. Mwenye barafu ndiye mwenye bei. Nimesimama pale nikamsikia kijana wa tajiri akimwambia mvuvi wa umri wa baba yake, kwa adabu kabisa: "Ami, barafu ya leo imebaki kidogo. Nitachukua hawa wakubwa kwa bei ya jana, hawa wengine nusu bei." Mzee alimtazama samaki aliyekuwa juu ya rundo, akamgusa shavu kwa kidole, akasema, "Haya mwanangu, pima." Hakuwa na la kufanya. Angekataa, saa sita mchana samaki wale wangekuwa wa kupasuliwa, kutiwa chumvi na kuanikwa wawe ng'onda, na ng'onda haimlipi mvuvi robo ya kazi aliyoifanya usiku kucha. Kijana yule simlaumu, kwani naye alitumwa. Kinachomnyima mzee yule jasho lake ni kukosa mahali pa kumweka samaki wake hadi kesho.

Tena hitaji hili limezidi. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilichimbwa katika maji ambamo wavuvi wa vyombo vidogo walikuwa wakivua tangu enzi za mababu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara hiyo. Fedha ni fedha, lakini mvuvi aliyeondolewa katika maji ya karibu na ufuo hana budi kwenda mbali zaidi, na anayekwenda mbali hukaa baharini muda mrefu zaidi, na anayekaa muda mrefu bila barafu hurudi na mzigo ulioharibika nusu.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu barafu si ndoto. Kutengeneza tani moja ya barafu katika joto la kwetu hutumia takriban kilowati-saa 60 hadi 90 (kilowati-saa moja ni umeme wa wati 1,000 unaotumika kwa saa moja), kulingana na aina ya mtambo. Paneli za jumla ya kilowati 20, ambazo leo ni paneli zisizofika 40 za wati 550, kwa jua la Lamu hutoa karibu kilowati-saa 75 hadi 80 kwa siku ya kawaida baada ya kuondoa kinachopotea njiani. Hiyo ni tani moja hivi ya barafu, na katika nchi za joto wataalamu wa uvuvi hushauri kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Zaidi ya hayo, barafu ina sifa moja ambayo taa haina: inaweza kutengenezwa mchana jua likiwaka na ikatumika usiku. Taa ya saa mbili usiku inahitaji betri, na betri ndiyo sehemu ya sola inayokufa mapema na inayogharimu zaidi kubadilishwa. Chumba cha barafu chenye kuta nene zisizopitisha joto huihifadhi kazi ya jua bila betri kubwa. Hata majira yanatusaidia, kwa kuwa miezi ya masika, mawingu yanapopunguza nguvu za paneli, ndiyo miezi ambayo kusi huchafua bahari na vyombo vingi hubaki vimetia nanga.

Anayeona haya ni maneno tu aiangalie zahanati. Chanjo za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa miaka sasa zimekuwepo friji za chanjo zinazoendeshwa moja kwa moja na paneli, hazina betri, zinagandisha maji ndani yake mchana na ubaridi huo unazivusha usiku na hata siku kadhaa za mawingu. Ikiwa njia hii inaaminika kwa chanjo ya mtoto, itashindwaje kwa changu?

Kuna pingamizi moja ninalolipa uzito, nalo ni maji. Barafu ni maji matamu, na kisiwa cha Pate kina visima vya chumvichumvi na majabia ya mvua ambayo kiangazi kikirefuka hubaki matope. Haiwezekani kumwambia mama anayepanga foleni ya dumu moja kwamba maji yake yanakwenda kugandishwa. Jibu lake tunalo ndani ya kaunti hii hii. Kiunga, mwaka 2018, shirika la Marekani liitwalo GivePower lilijenga mtambo wa kuondoa chumvi unaoendeshwa kwa sola, ulioundwa kutoa hadi lita 75,000 za maji ya kunywa kwa siku. Kuondoa chumvi katika lita 1,000 za maji ya bahari hutumia kilowati-saa chache, kwa kawaida zisizozidi 10 hata kwa mtambo mdogo, ambazo ni kidogo ukilinganisha na zile za kugandisha maji hayo. Kwa hiyo maji na barafu vipangwe pamoja, chini ya paneli zile zile, na maji ya kunywa yawe na haki ya kwanza.

Wengine watasema tungoje gridi. Mji wa Amu, yaani Lamu mjini, ulingoja, ukaishi kwa jenereta za dizeli hadi njia ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen ilipofika. Faza nayo kwa miaka mingi imetegemea jenereta, mafuta yakivushwa kwa chombo, na kwa kuwa bei ya umeme ni moja nchi nzima, gharama ya dizeli ya vituo kama hivyo hugawanywa kwa wateja wote kupitia ada ya mafuta iliyo katika kila bili. Mkenya wa Nyeri anasaidia kulipia dizeli ya Faza bila kujua. Fedha hizo hizo zikielekezwa kwenye paneli na mtambo wa barafu zinamtoa mvuvi mikononi mwa tajiri. Gridi yenyewe si salama ya kutegemewa kwa kila jambo, kwani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, na samaki waliokuwa kwenye friza za mijini hawakungoja fundi.

Hofu yangu kubwa si ya fedha wala ya teknolojia. Pwani hii imeona mitambo mingi ikifunguliwa kwa hotuba na ngoma, na baada ya msimu mmoja au miwili ikanyamaza kwa kukosa kipuri kidogo tu. Upepo wa chumvi haumhurumii mtu. Hula skrubu za chuma, hula vituo vya nyaya, hula mapezi ya aluminiamu yanayopoza mtambo wa baridi, na huacha juu ya kioo cha paneli utando mweupe unaopunguza nguvu zake kimya kimya. Dawa yake inajulikana na si ghali: skrubu za chuma kisichoshika kutu, grisi kwenye viungo, kuosha paneli kwa maji matamu, kuiweka inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya kawaida, kivulini mbali na mrusho wa mawimbi. Lakini dawa hiyo inataka mtu wa kuitia, naye awe mkazi. Kanuni za sola za nchi yetu zinamtaka fundi awe na leseni, na ni sawa kabisa, ila leseni hiyo isiwe sababu ya kumsubiri fundi kutoka Mombasa wiki nzima huku mtambo umezimwa. Kila mtambo uje na nafasi mbili za mafunzo kwa vijana wa kijiji hicho hicho, mmoja wa umeme wa sola na mmoja wa mitambo ya baridi, na malipo ya mafunzo yao yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya paneli ya kwanza kupakiwa chomboni.

Watu wa Lamu wana haki ya kusema hivi kwa sauti. Juni 2019 baraza la taifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, likisema pamoja na mengine kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokataa mtambo ule walitaja bahari, mikoko na samaki. Wengi wakatuuliza kwa kejeli kama tunapenda giza. Hatukulipenda giza, na mradi wa barafu ya sola ni namna mojawapo ya kuonyesha umeme tuliokuwa tukiutaka.

Basi vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti vitakapoitishwa tena, ninawaomba wavuvi wa Pate, Ndau na Kiwayu wasikubali kuulizwa ni nyumba ngapi zinahitaji taa. Waombe mtambo wa tani moja kwa siku kwa kila bandari kubwa ya uvuvi, ulio mali ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU. Barafu iuzwe kwa kilo, kwa bei iliyobandikwa ukutani na isiyobadilika kwa sababu ya sura ya mnunuzi. Sehemu ya kila kilo iwekwe benki kwa ajili ya vipuri peke yake, na fedha hizo zisitoke bila saini tatu, moja yao ikiwa ya mama muuza samaki, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kujua siku ambayo barafu imekosekana.